Niliona Koti Limeungua, Nikanyamaza kwa Sababu ni la Mchumba Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi kama inawezekana, na kama haiwezekani nijibu hata baadaye ili angalau nijue mimi ni mtu wa namna gani, maana shangazi yangu ananiita kipofu mbele ya majirani na nimechoka. Barua hii naileta kwa mkono leo Jumatano, tarehe 23, ili isichelewe.

Nina miaka ishirini na tisa, nilimaliza kidato cha nne, na huu ni mwaka wa sita nafanya kazi kwenye duka la dobi. Mimi sifui, niko mbele, napokea nguo. Kazi hii watu huidharau lakini ina utaratibu wake: mteja akileta nguo naitandaza juu ya kaunta yeye mwenyewe akiwa anaona, nageuza mbele na nyuma, natazama kola, kwapa, mifuko, pindo na vifungo, halafu kila kasoro naiandika kwenye risiti, doa la mafuta hapa, kifungo kimoja hakipo, zipu imekatika, mteja anatia sahihi, ndipo nguo inaingia ndani. Mama mwenye duka amebandika karatasi ukutani nyuma ya kichwa changu inayosema, "Kasoro isiyoandikwa wakati wa kupokea ni yetu." Wapo wanaokasirika, kuna mama aliwahi kuniuliza kama na nyumbani huwa nawakagua wageni mlangoni kabla ya kuwakaribisha, lakini kwa miaka yote hii hakuna nguo hata moja iliyotuletea ugomvi kwa sababu yangu. Sisemi haya kwa kujisifu, nasema ili uelewe kwamba macho ninayo.

Pia nina daftari la siku ambalo nimekuwa nikiandika tangu shuleni, naanza na tarehe, halafu hali ya hewa, halafu yaliyotokea. Hakuna anayelisoma ila mimi.

Mchumba wangu anauza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa pili kutoka kazini kwetu. Tulifahamiana mwaka jana alipoleta mashati matano, yote yana matone ya rangi nyeupe mkono wa kulia, na nilipoanza kuyaandika moja moja akasema, "Dada, andika polepole, naona raha kuangaliwa hivi." Mshauri, nilicheka peke yangu siku nzima. Tunaoana tarehe 20 mwezi ujao, ukumbi umepatikana na kadi zimeshachapwa.

Sasa shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ndiye aliyenilea na mpaka leo nakaa kwake, na kijana huyu hakumpenda tangu siku ya kwanza alipokuja kutusalimia. Alipoondoka tu siku ile shangazi akasema, "Huyu anaongea kama anauza." Nikamwambia, "Shangazi, si anauza kweli?" Akasema, "Basi mwambie mimi sinunui." Tangu hapo hatuna amani, kila nikitaja jina lake ananifunika jicho moja kwa kiganja na kuniuliza kama hili lingine bado linafanya kazi.

Ili nisimwonee mtu yeyote nimekaa na daftari langu nikatafuta mambo ambayo shangazi anasema siyaoni. Tarehe 9 mwezi wa kwanza mchumba aliniambia mama yake alishafariki, tukalia wote wawili. Tarehe 2 mwezi wa pili mama yake akanipigia simu, ana sauti nzima kabisa, anauliza kama mwanawe anakula vizuri. Nilipomuuliza akasema alimaanisha amekufa moyoni mwake kwa sababu waligombana, na kwamba mtu mwenye upendo angeelewa bila kuuliza maswali ya polisi. Siku hiyo niliandika, "Ana maumivu mengi. Nisimchimbe." Tarehe 17 nilimsubiri mbele ya duka la viatu saa nzima na robo, manyunyu yananinyeshea, na alipofika akanigombeza kwamba nimelowa, rafiki zake watanionaje. Nikaandika, "Anajali ninavyoonekana." Tarehe 5 mwezi wa tatu alimwambia shangazi kwamba yeye ndiye meneja pale dukani, wakati meneja mwenyewe ni mteja wetu, kila Alhamisi analeta suruali zake. Nikaandika, "Ni mtu wa kufikiria mbali." Shangazi alipokuja kugundua hilo la umeneja alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akaomba maji.

Hayo najua ni madogo, hakuna mtu asiye na kasoro, hata mimi nikila napiga kelele. Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo jingine la kazini, ingawa sina hakika kama linahusu mapenzi.

Tarehe 14 mwezi huu, Jumatatu, saa nne asubuhi, alileta suti yake ya kijivu, anataka isafishwe kwa ajili ya harusi. Nilipogeuza koti nikaona limeungua nyuma, chini, upande wa kushoto, alama ya ncha ya pasi yenye upana wa vidole viwili. Akaniambia alijipigia pasi mwenyewe kwa haraka. Nikashika kalamu. Akaweka kiganja chake juu ya risiti, akasema taratibu, "Hata mimi utaniandika? Mumeo?" Nyuma yake kulikuwa na wateja wawili, wakacheka, nami nikaona aibu, na tena nisikufiche, nikaona raha kwa lile neno. Sikuandika. Mahali pa kasoro nikapiga mstari, maana yake nguo imekuja nzima. Jioni nikayaandika yote kwenye daftari langu, pamoja na vile vidole viwili.

Jumamosi tarehe 19 akaja kuchukua suti. Nilidhani ataichukua aende zake. Badala yake akaligeuza koti mbele ya mama mwenye duka na kusema kwa sauti, "Nani ameniunguzia koti langu la harusi?" Mama akachukua risiti, akaona mstari wangu, akamwita mpiga pasi wetu ambaye wote tunamwita Mzee Mvuke, kwa sababu huku mbele huwa tunamwona akitokea ndani ya mvuke na taulo shingoni. Mzee akaliangalia koti bila kuligusa.

"Mama, hii si pasi yangu," akasema. "Pasi yangu ina pua butu. Hii ni ya nyumbani, ina ncha kali. Na koti hili nimelipiga pasi Jumatano, alama hii nimeikuta."

"Sasa kama uliikuta, kwa nini hukusema?"

"Nilijua imeandikwa. Huyu binti hajawahi kuacha kitu. Nguo ikitoka mkononi kwake mimi hata risiti siisomi."

Mama akanigeukia. "Binti, koti lilikuja zima au halikuja zima?"

Mshauri, nikasema sikumbuki vizuri.

Mzee Mvuke alinitazama kidogo tu, akarudi ndani kwenye meza yake. Amesimama kwenye meza ile miaka kumi na tisa. Mama amempa mpaka Jumamosi hii saa sita mchana, atie sahihi karatasi ya kukiri kwamba ameunguza koti na alilipe kwa mshahara wake, au aondoke. Mchumba wangu ameahidiwa koti jipya. Mzee tangu siku hiyo ananisalimia kama kawaida, "Umeamkaje, binti," na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, bora angenitukana.

Jumapili nikamwambia mchumba wangu kwamba mzee hana kosa. Akasema, "Yule amekula mshahara wa mvuke miaka yote hiyo, atapata kwingine. Sisi ndio tunaanza maisha. Ukimtetea yeye, unanishtaki mimi, chagua unaolewa na nani." Halafu akanishika mkono akaniuliza kama sitaki kusimama ukumbini na mtu aliyevaa koti jipya. Nikarudi nyumbani nikaandika, "Anataka tupendeze." Shangazi hajui lolote kuhusu koti.

Naomba unisaidie kwa haya. Je, ni kweli mapenzi humpofusha mtu asione kasoro za mwenzake? Kama ni kweli, hali hiyo hupona yenyewe baada ya ndoa? Na nimjibu nini shangazi anaponifunika jicho?

Ni mimi,
Mpokea Nguo

*

Mdogo wangu Mpokea Nguo,

Barua yako imeruka mbele ya barua nyingine kumi na moja, zikiwemo mbili za watu wanaodai watakufa wasipojibiwa wiki hii. Wasubiri. Wao wana muda, ila mtu wenu wa pasi ana mpaka kesho saa sita.

Nianze na shangazi yako, kwa kuwa ndiye uliyeuliza habari zake. Mwambie amekosea. Mwambie gazeti limesema macho yako ni mazima, tena ni makali kuliko ya watu wengi wanaoniandikia hapa. Nina barua za wanawake walioishi na mume miaka kumi wasijue anafanya kazi gani. Wewe umeniletea tarehe, saa, manyunyu na duka la viatu. Kipofu haandiki "nyuma, chini, kushoto, vidole viwili." Mwanamume huyu umemkagua kama unavyokagua suruali, hukuacha hata kwapa. Shangazi akishafurahi kusikia hivyo, umwambie pia kwamba hiyo ndiyo habari mbaya. Ungekuwa kipofu tungekuonea huruma.

Unauliza kama mapenzi humfanya mtu asione. Kwa wengine labda. Kwako yamefanya kitu kingine: yamekupa kazi ya pili. Mchana unaandika kasoro za wateja, jioni unaandika utetezi wa mteja mmoja. Mama amekufa, mama amepiga simu, na wewe unaandika "ana maumivu." Ningekuwa mimi ningeandika "ana mama." Ameketi mbele ya shangazi yako akajipandisha cheo, wewe unaandika "anafikiria mbali." Mbali wapi? Meneja mwenyewe analeta suruali kwako kila Alhamisi! Hata uongo wake hakuupeleka mbali, aliuacha mtaa wa pili.

Na hapo kwenye "anataka tupendeze" nililiweka gazeti la jana usoni, nikacheka, halafu nikaona haya kwa kucheka.

Usidhani nakusema kana kwamba mimi sijawahi. Mume wangu anakoroma na anakana. Nimemrekodi, akasikiliza, akasema ni jirani. Nimefumbia macho jambo hilo miaka kumi na minne, na nitaendelea, kwa sababu anayekosa usingizi ni mimi, basi na kusamehe ni juu yangu. Kuchelewa kwake, kukugombeza kwa kulowa, hata huo umeneja, kama umeamua kuvivumilia, vumilia, ni maisha yako na ndoa itakuwa yako. Nitakushangaa ila sitakuzuia.

Lakini koti si la kusamehewa na wewe. Koti hilo linalipiwa na mzee mwenye taulo shingoni. Umemsamehe mchumba wako kwa kutumia kazi ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hukumuuliza. Umejaza barua nzima kasoro za huyo kijana, halafu ya kwako ukaipitisha kwa maneno mawili, "sikumbuki vizuri." Wewe? Wewe unayekumbuka hali ya hewa ya tarehe 17 mwezi wa pili? Mama mwenye duka alipokuuliza lile swali alikuwa amekukabidhi haki ya mtu mkononi, nawe ukaiweka chini ya kaunta.

Tena sikiliza alichosema mzee, maana nadhani ulikisikia ukakiogopa. Alisema haisomi risiti ikitoka kwako. Ameona alama Jumatano, akanyamaza, kwa sababu alikuamini kuliko macho yake. Kosa lake ni hilo tu. Na kesho anaombwa alitilie sahihi.

Ulisema huna hakika kama jambo hili linahusu mapenzi. Nakubaliana nawe, halihusu. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba ulinyamaza kwa kupenda. Ulinyamaza kwa sababu watu wawili walicheka kwenye foleni na neno "mumeo" lilikuwa tamu. Hilo linasameheka ukilirekebisha leo. Kesho saa saba mchana litakuwa na jina jingine.

Sasa fanya hivi. Ukishasoma gazeti hili, usipitie duka la rangi. Usimpigie simu, usimwandikie ujumbe, usimwombe ruhusa, maana yeye ni muuzaji na wewe ni mnunuzi wake mzuri kuliko wote. Nenda kazini na daftari lako. Mwombe mama mwenye duka akae, na mwombe mzee atoke ndani awepo, usiongee na bosi peke yake ukamwacha mzee asikie kwa kupokezwa. Fungua ukurasa wa tarehe 14, funika mengine yote kwa karatasi, hakuna anayehitaji kusoma habari za mvua. Useme, "Niliiona, sikuandika, na Jumamosi nilisema uongo." Ishia hapo. Usiongeze "kwa sababu." Najua ukianza "kwa sababu" utafika mpaka kwa mama yake aliyefufuka.

Huenda mama mwenye duka akakuondoa kwenye kaunta. Huenda akakufukuza kabisa, na akifanya hivyo usinitumie barua ya kulalamika, atakuwa na haki. Utapata kazi nyingine. Una jicho linalotafutwa. Ila karatasi yenye mstari wako isiendelee kukaa pale inamshtaki mtu.

Mchumba wako mwache aende mwenyewe kuchukua koti jipya. Aambiwe na mama mwenye duka kwamba halipo, kwenye kaunta ileile, na wateja wawepo. Halafu mwangalie, maana kuangalia unajua. Akija kwako na haya usoni, akaomba umsindikize kwa mzee kuomba radhi, mtakuwa na cha kuzungumza. Akija na swali lake la "unaolewa na nani," umjibu kwamba bado hujaamua, na kwamba kadi hata zikichapwa hazijawahi kumlazimisha mtu kuhudhuria. Sikwambii umwache. Umeniandikia kurasa nne na hukuuliza hata mara moja kama uolewe naye, na mtu anayeuliza kila kitu isipokuwa hicho, jibu analo.

Ugonjwa huo uliouliza kama hupona baada ya ndoa, haponi mtu. Baada ya ndoa huwa tunakosa muda wa kuandika.

Mengine yanaweza kusubiri wiki ijayo: ukumbi, shangazi, mama mkwe aliye hai. Mzee Mvuke hawezi. Kesho kabla ya saa sita atakaa na karatasi mbele yake, atajiuliza kama mtu wa umri wake anaweza kuanza upya kwenye meza ya mtu mwingine, halafu ataomba kalamu. Hakikisha umefika kabla hajapewa.